Tusisingizie makundi tu: mazungumzo na wazazi, Makorora, Tanga

Asalaam aleikum, na shikamooni wote mlionizidi umri. Leo nasema lile lile ninalosemaga kila nikishikishwa maiki, maana naona bado halijatuingia. Mtoto akikamatwa na msokoto wa bangi, neno la kwanza mdomoni kwetu ni makundi. Makundi, makundi, kila siku makundi! Haya, na wazazi wa hao wenzie wanasemaje? Wanasema mwanao ndo kamharibu wao.

Mi naanzia nyumbani. Jioni baba kakaa barazani, anamwita kijana wake wa darasa la sita, shika hii nenda dukani kaniletee sigara mbili. Mwenye duka anatoa bila kuuliza, sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 lakini nani anajali, si katumwa na babake. Akirudi anaambiwa kaniwashie jikoni. Sasa mliowahi kuwashia watu sigara kwenye mkaa mnajua, haishiki mpaka uvute. Basi yule mtoto anachuchumaa pale, anaiweka mdomoni, anavuta mara mbili tatu, anakohoa, machozi yanamtoka, dada zake wanamcheka, na moto ukishashika anampelekea babake. Niambieni, hapo kundi liko wapi?

Najua kuna mtu atasema mbona mimi nimetumwa sigara toka mdogo na sijavuta mpaka leo. Alhamdulillah, lakini usijipime wewe uliyesalimika, kawaulize vijana wa unga, yaani heroini, walianzia wapi. Ninaoongea nao mimi wengi watakwambia sigara, ikaja bangi, ndo ikaja kete ya unga. Na ubongo wa kijana, ile sehemu ya kujizuia na kupima madhara, inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo anayeanza na miaka 13 sio sawa na anayeanza mtu mzima, uraibu unamkamata haraka zaidi.

Halafu kuna masaa. Shule imetoka, mama yuko sokoni, baba kaenda baharini, mtoto mpaka saa mbili usiku hana wa kumuuliza. Kule Iceland mwaka 1998 vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja, kufika 2016 wakabaki 5. Hawakuhubiri tu. Waliwajazia watoto jioni zao michezo na muziki, wakaweka saa ya kurudi nyumbani, na wazazi wenyewe wakawa wanatembea mitaani usiku kuangalia. Mtasema wale wana hela. Sawa, viwanja hatuna kama vyao, lakini kumuuliza mwanao ulikuwa wapi na nani kunataka bajeti gani jamani?

Nilitaka niseme na mirungi, na watoto wanaopigwa au waliofiwa wanaotafuta cha kuwasahaulisha, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu hili. Mwanao kama tayari yuko kwenye unga usimfukuze, ukimfukuza unamkabidhi maskani, kule wanakokaa wala unga, moja kwa moja. Mpeleke hospitali ya Bombo hapa Tanga, kuna methadone, dawa inayochukua nafasi ya unga, anakunywa kila siku mbele ya muuguzi, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inatulia. Hii dawa ilianza Muhimbili 2011, sio ya kubahatisha.

Haya, maswali. Mama wa nyuma pale kanyoosha mkono kitambo, anza wewe.