Mchunguze Kocha Kabla Hujalipia Kozi Yake

Karibu, mtazamaji. Leo tunamfuatilia kocha wa fedha ambaye biashara yake nzima ni yeye mwenyewe: sura yake, simulizi ya maisha yake, kozi zake. Mtu wa namna hii anauza historia yake, kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kulinganisha tarehe.

Kwanza fungua jedwali lenye safu tatu: alichodai, lini, na kiungo. Usiiruke hatua hii, maana baadaye utakuwa na madirisha chungu nzima na hukumbuki lipi lilisema nini.

Sasa tafuta jina lake kwenye Google, ukilifunga ndani ya alama za nukuu. Matokeo ya mwanzo mengi yatakuwa yake mwenyewe: tovuti, podikasti, mahojiano aliyoyaomba. Yaondoe. Mbele ya jina weka alama ya kutoa, kisha site: na anwani ya tovuti yake bila kuacha nafasi. Halafu ongeza neno malalamiko, mahakama au kurejeshewa pesa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nenda Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ubandike anwani ya ukurasa wake wa kujitambulisha. Kalenda itatokea, na siku zenye duara ndizo zilizohifadhiwa. Anza na ya zamani kabisa, kisha chukua moja kwa kila mwaka. Kabla ya kuwa kocha wa fedha, alijiita nani? Je, idadi ya wateja iliruka kutoka mamia hadi maelfu ndani ya miezi michache? Ile simulizi ya kufilisika ilianza kuonekana lini? Ukikuta mwaka fulani haupo, usikimbilie kumhukumu: kurasa nyingi hazikuhifadhiwa tu, ingawa mwenye tovuti pia anaweza kuomba zake ziondolewe.

Shuka sasa hadi chini kabisa ya tovuti, ufungue vigezo na masharti. Hapo mara nyingi hujificha jina halisi la kampuni, na pia masharti ya kurudishiwa pesa, ambayo matangazo huyasema kwa sauti nzuri zaidi. Litafute jina hilo kwenye sajili ya nchi husika. Uingereza ni rahisi: Companies House ni bure, na inaonyesha wakurugenzi, tarehe ya usajili na hata kampuni zilizokwisha kufungwa. Marekani kila jimbo lina sajili yake, kwa hiyo jiandae kuzunguka.

Matangazo yake yako kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Tazama tarehe tangazo lilipoanza. Linalosema nafasi zinafungwa usiku huu huenda limekuwa hewani wiki tatu. Piga picha ya skrini papo hapo, kwani katika nchi nyingi matangazo ya kawaida ya biashara hutoweka yakishasimamishwa.

Shuhuda za wateja mimi huzipa uzito mdogo. Picha za watoa ushuhuda zipitishe TinEye au Google Lens, zana za kutafuta picha ileile imetumika wapi kwingine mtandaoni, kisha angalia kama mtoa ushuhuda mwenyewe sasa anauza kozi hiyohiyo kwa kamisheni.

Kuhusu vyeti: nchi nyingi hazidai leseni ili mtu ajiite kocha, basi kukosa cheti si kosa. Lakini akidai ana cheti cha ICF, shirikisho la makocha lililoanzishwa 1995, unaweza kumhakiki kwenye tovuti yao.

Anwani ya nyumbani, watoto, ndoa yake: hayo yaache, hata ukiyakuta wazi. Hayahusiani na kozi.

Mwisho, chagua kwenye jedwali madai mawili yanayopingana zaidi, umwandikie barua pepe ya heshima ukiuliza lipi ni sahihi. Jibu lake, au ukimya wake, uweke kwenye safu mpya ya nne kabla hujatoa pesa.