Mashine Zilizokuwa Zinaongea

Asanteni, kaeni chini jamani. Huko nyuma sauti inafika? Haya. Mimi hapa Tororo wengi mnanijua kwa ile Peugeot 504, na wengine mmeshaisukuma, kwa hiyo sitapoteza muda kujitambulisha. Nimeitwa niongee habari ya kompyuta za zamani nikasema sawa, ila siwezi kuongea kompyuta nikaacha magari, maana hivi vitu viwili nilivijua kwa njia moja tu, kwa masikio.

Nianze na marehemu baba. Alikuwa mtu wa reli, ile ya Afrika Mashariki kabla Jumuiya haijavunjika 1977, ndo maana nyumbani kwetu tulikua na Kiswahili, na alikuwa na Peugeot 404. Nyinyi vijana hamjui 404 ilikuwa nini kwetu. Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 ilishinda 1963, halafu 1966, 67 na 68 mfululizo, na matope yenyewe ni haya haya yetu. Basi mzee akienda sokoni kununua matoke na yeye anajiona yuko mashindanoni. Halafu 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda, akashinda na Datsun 240Z. Mzee hakujua ashangilie au anune, mtoto ni wetu lakini gari si letu!

Sasa asubuhi ilikuwa hivi. Anavuta choki, anapiga stata, halafu anainua kidole, na hapo hata mtoto mchanga anyamaze. Anasikiliza. Akisema "pointi" ujue ni pointi. Ndani ya distributa kulikuwa na vichuma viwili vidogo vinagusana na kuachana, kila vikiachana koili inatupa moto kwenye plagi, na kwa sababu vinarushiana cheche mchana kutwa vinaungua, vinashika uchafu, ile nafasi ya katikati inabadilika, basi gari linaanza kukohoa na mvua ikinyesha ndo kabisa. Dawa yake msasa. Unasugua, unapima nafasi kwa kitu chembamba kama kadi, unafunga, unapiga stata tena. Na baada ya 1972, Amin alipowafukuza Wahindi na maduka yakafungwa, spea ilikuwa ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka au hakuna, kwa hiyo pointi za mzee zilisuguliwa mpaka zikaisha kama sabuni.

Haya, tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1989 nikaajiriwa Malaba pale mpakani, ofisi ya kuklia mizigo forodhani, jina tuliache. Nilienda kama karani wa taipureta. Siku moja bosi akaleta kompyuta, ya mtindo wa ile XT ya IBM iliyotoka 1983, skrini ya kijani, diski ya megabaiti 20, na akaiwekea kitambaa, kile cha kufuma kwa makrosheti, kama cha kwenye kochi. Tulivua viatu kuingia kile chumba bana, sijui nani alisema kompyuta inaogopa viatu.

Ukiiwasha feni inavuma, halafu ile namba inaanza kupanda pole pole kwenye kona, inahesabu kumbukumbu mpaka 640, hiyo ni kilobaiti, halafu inalia "pip!" moja. Pip moja fupi, kuko salama. Ikilia vingine, au ikinyamaza, ujue leo hakuna kazi. Na mimi siku ya kwanza iliponyamaza nilijikuta nimeinua kidole kama mzee. Fundi akaja kutoka Kampala, akafungua, akachomoa kadi moja, akatoa ufutio kwenye mfuko wa shati, ufutio huu huu wa penseli wa shule, akasugua yale meno ya shaba ya kadi, akarudisha, pip! Nilicheka mpaka bosi akauliza kuna nini. Kumbe ugonjwa ni ule ule! Uchafu pale chuma kinapogusa chuma. Pesa alizolipwa yule fundi kwa ule ufutio, nikajua hapa kuna maisha.

Toka siku hiyo nikawa nasikiliza. Flopi, ile diski laini ya kuchomeka na kuchomoa, ikisomwa vizuri inakwaruza kwa mpigo, kwara kwara, kimya, kwara, ikianza kurudia mlio ule ule mara tatu nne ujue imekufa na ile kazi ya wiki imeenda nayo. Na flopi zenyewe zile pana za inchi tano na robo zilibeba kilobaiti 360, yaani picha moja ya simu yako ya megabaiti 3 ingetaka flopi tisa, picha moja tu ya wewe unakula rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai. Printa ndo usiseme. Ilikuwa ya sindano, inagonga utepe wa wino kupitia karatasi ya kaboni, na fomu za forodha zilitaka nakala kadhaa, kwa hiyo ile kelele ilikuwa ndo kazi yenyewe, isipogonga nakala ya chini haitoki. Nikiwa nje nakunywa chai niliweza kujua sasa inapiga maneno, sasa inapiga safu ya hesabu, na karatasi ikipinda naacha kikombe nakimbia. WordPerfect nayo, ile programu ya kuandikia, tuliitumia kwa vidole tu bila mausi, mpaka leo nikitaka kuprinti kidole kinatafuta Shift na F7.

Na nilikosea pia, msidhani. Siku tunahamisha ofisi, bosi akasema mpeleke mtambo jengo lile lingine, nikaita boda boda. Boda boda ya wakati ule ni baiskeli jamani, jina lenyewe limezaliwa hapa mpakani, watu wa kuvushwa boda mpaka boda. Nikafunga kompyuta kwa mpira wa tyubu kwenye keria, tukapita kwenye mawe. Sasa zile diski za zamani kabla ya kuzihamisha ulitakiwa uandike amri ya kuegesha vile vichwa vinavyosoma, vikae pembeni, kama unavyovuta handbreki, na mimi nilisahau. Tulipoiwasha ilitoa sauti ambayo sijaisahau, kama kijiko kwenye sufuria kavu. Rekodi za mwaka mzima. Bosi hakunifukuza, aliniambia tu nitaandika upya zote, na niliandika, mpaka Krismasi.

Saa hizi mjukuu wangu ana laptopu, diski yake haina kitu kinachozunguka hata kimoja, ikifa inakufa kimya. Magari nayo pointi ziliondoka, kabureta ikaondoka, fundi anachomeka kimashine chini ya usukani kinamwambia namba ya ugonjwa. Sisemi ni vibaya! 504 imenilaza njiani mara nyingi, imenilaza mpaka msitu wa Mabira, usiku, na mke wangu ndani ananiangalia hivi. Lakini nenda pale soko la Kisekka Kampala, watafute wale mafundi wenye mvi, hashiki kimashine, anakwambia washa, anaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, anafunga macho. Halafu anakwambia valvu ya tatu. Wale wakiisha sijui tutamuuliza nani.

Nilikuwa nimeleta mlio wa modemu kwenye flashi niwasikilizishe, ule wa kukwaruza kabla intaneti haijashika, lakini naona kijana wa projekta ananipungia mkono... Umeme umeenda? Basi. Maswali tutaulizana nje, 504 iko chini ya mwembe pale, betri yake haijashika tangu juzi, kwa hiyo mnaotaka kusikia nataka wanne wenye nguvu nyuma, na nikisema nyamazeni mnyamaze.