Kulia mbele ya kamera: jibu langu kwa binti wa Kisauni

Assalam aleikum, Mombasa! Hapa London ni saa kumi jioni na kiza kishaingia. Nyinyi huko saa moja, mshaswali magharibi, chai iko mezani. Basi kaeni nami kidogo.

Binti mmoja wa Kisauni amenitumia ujumbe wa sauti. Amepata kipande kwenye filamu, mama aliyefiwa, na roho yamdunda. Aniuliza: "Dada, machozi ya kweli yanatoka vipi? Nitie kitunguu?"

Mwanangu, swali lako nimelibeba miaka. Asubuhi ile ya Machi 2014, Lupita Nyong'o alipopata Oscar, tulipiga vigelegele nyumbani Kibokoni, nami nikajiambia: nitalia mpaka ulimwengu unione. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe.

Mimi nimelelewa na jukwaa. Pale Little Theatre Club, Mnazi Mmoja, sauti lazima imfikie mzee wa kiti cha nyuma kabisa, na mkono ukiuinua, uinuke. Nikaja huku na mazoea yaleyale. Filamu yangu ya kwanza, naletewa habari kwamba kaka yangu amekufa. Nikalia, nikajipiga kifua, nikaanguka. Mwongozaji akasimamisha, akanijia taratibu, akaniambia: "Huzuni unanionyesha. Ifiche, mimi nitaitafuta."

Kamera ilikuwa imenikaribia usoni, kidevu mpaka paji, basi. Kwenye skrini ya sinema uso huo unajaa ukuta mzima, na filamu inachukua picha 24 kila sekunde. Ukiwaza jambo, linaonekana. Ukijifanya unawaza, nalo linaonekana.

Nikatoka nje kupumua, na aliyenijia akilini ni Nyanya.

Babu alipofariki, Nyanya alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba ilijaa wanawake, vilio mpaka barazani. Yeye aliomba uteo wake, akaketi mkekani kuchambua mchele. Kidole cha shahada kinasukuma chuya upande mmoja, punje nzuri upande mwingine, kama miaka yote. Mara nikamwona ameshika punje nzima, safi, akaiweka kwenye chuya. Akaitazama. Akaichukua tena, akairudisha kwa wenzake. Hakudondosha chozi, lakini mimi niliyekuwa nimekaa karibu nilivunjika wallahi.

Nikarudi ndani. Mezani palikuwa na kikombe. Nilipoambiwa kaka amekufa, nikaanza kukifuta ukingo kwa kidole, na kilikuwa safi. Mwongozaji hakusema kitu. Alihamisha kamera tu, tukaendelea.

Na hapo pa kuhamisha kamera sikiliza vizuri, maana pamewaponza wengi. Tukio moja hupigwa kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha upande wa mwenzako, na kila mara unarudia lilelile. Kama kikombe ulikifuta kwa mkono wa kulia kwenye neno "amekufa", basi mkono ni huohuo na neno ni hilohilo hadi jioni, la sivyo vipande havitaungana. Ukimaliza machozi yote kamera ikiwa mbali, itakapokujia usoni utakuwa mkavu. Na mazishi waweza kuyapiga leo, kifo ukakipiga wiki ijayo. Mimi huandika kwenye daftari: hapa ameshajua, hapa bado hajajua.

Kwa hivyo kitunguu kiache jikoni. Jiulize mama huyo mikono yake ilikuwa ikifanya nini kabla ya habari kufika, ikikunja kanga au ikimenya muhogo, halafu jaribu kuendelea na kazi hiyo. Weka simu usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako, dadako akusomee maneno ya mwenzako. Msikilize kikweli, kila mara kama mara ya kwanza. Kisha nitumie nitazame, usione haya.

Nyanya, najua Mama atakuwekea video hii. Shikamoo. Ule uteo msiutupe hata kama umetoboka. Nikija mwezi wa nane nataka kukaa nawe mkekani, tuchambue pamoja.