Kikohozi Nyuma ya Pazia

Shikamooni wakubwa zangu. Wanafunzi, hamjambo? Na kwa wenyeji wa hapa, mwangaluka.

Nikiwa fildi, mwaka wa pili wa masomo ya ustawi wa jamii, nilitumwa kutembelea familia moja Mabatini, hapa Mwanza. Mnaijua milima yetu, nyumba zimebebana na mawe. Nilipanda na fomu mkononi. Nikakuta chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge. Binti wa miaka kama tisa alikuwa kwenye mkeka, anachambua dagaa. Mama yake akanipa kigoda, akatoka kwenda kuchota maji. Nikaanza kuuliza maswali kama yalivyopangwa. Nilipofika kwenye swali la nani humwadhibu nyumbani, mtu akakohoa nyuma ya pazia. Vidole vya yule binti vikasimama juu ya ungo. Akasema, "Hakuna." Nikaandika: hakuna.

Kesho yake msimamizi wangu aliisoma ile fomu akaniuliza, "Nani mwingine alikuwepo?" Sikuwa na jibu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye karatasi muda wote. Wiki tatu baadaye jirani alitoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyomtaka kila mwanajamii kufanya. Mtoto alipoondolewa pale alikutwa na makovu mgongoni. Mengine yalikuwa ya zamani, maana yake alikuwa nayo siku ile nimeketi mbele yake.

Kosa langu la kujifunzia alilibeba yeye. Hiyo ndiyo sababu niko hapa leo kuzungumzia uhalisia pepe, yaani miwani inayomwingiza mwanafunzi kwenye chumba kilichochorwa na kompyuta, afanye mazoezi ya kutembelea familia kabla ya kwenda kwa watu halisi.

Kwenye urubani walitambua mapema kwamba kosa la kujifunzia lisimuumize mtu. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake, alitumia mifuko ya upepo ya vinanda kuundia ndege ya mazoezi isiyoruka. Mwanafunzi akikosea, anashuka kwenye kiti, anaelekezwa, anapanda tena. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake wakaonyesha kifaa kizito cha kuvaa kichwani, kilichoning'inizwa darini. Miwani ya leo unaishika kwa mkono mmoja. Kila jicho linaona picha yake, zikitofautiana kidogo, ndipo ubongo unaona kina cha chumba. Vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mwendo, vinafuata kichwa chako. Ukigeuka kushoto, unaona kilichopo kushoto. Picha ikichelewa kidogo tu unapata kizunguzungu, kwa hiyo tusimlazimishe anayesema anajisikia vibaya.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mfumo unaweza kutunza kumbukumbu ya mahali ulikoelekeza kichwa. Mwalimu atakuonyesha: hapa mtu alikohoa, na hapa wewe ulikuwa umeinama kwenye fomu. Mimi ningetoa nini kuambiwa hivyo kabla ya kupanda Mabatini! Kisha unarudi mlangoni, unapiga hodi upya. Safari hii labda unamwomba binti akusindikize nje akuonyeshe njia, muongee mkitembea.

Lakini chumba kiwe chetu. Ukinunua mandhari iliyotengenezwa Ulaya, mwanafunzi atajifunza kwamba mtoto asiye na kitanda chake ametelekezwa. Hapa watoto wanne kulala mkeka mmoja ni jambo la kawaida, na wanaweza kuwa wanapendwa sana. Dalili tunazopaswa kuzisoma ni nyingine: mtoto anayekula baada ya wengine kumaliza, yule asiyepelekwa shule wakati wenzake wa nyumba hiyohiyo wanakwenda, anayenyamaza mtu fulani akiingia. Mambo haya yaandikwe na maafisa ustawi wa kata na wenyeviti wa mitaa, wanaoyaona kila siku. Na mtoto wa kwenye mandhari achorwe na kompyuta. Sura ya mtoto halisi na kisa chake visiguswe kabisa, hata mzazi akikubali.

Ipo mandhari moja ninayoitamani sana. Ni ufukweni, baada ya ajali. Watu wa Ziwa Victoria tuna tarehe zetu: 21 Mei 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba, na 20 Septemba 2018, kilipozama kivuko cha MV Nyerere, pale karibu na kisiwa cha Ukara. Ndugu wamekaa chini wanasubiri majina. Nani kati yenu amefundishwa kukaa kando ya mama anayesubiri mwili wa mwanawe, bila kusema "jikaze"? Darasani tunaliandika kwenye mtihani tunapata alama nzuri. Kwenye miwani, mama anakutazama na kimya kinakuwa kirefu, nawe mdomo unakuwasha useme chochote. Huo muwasho inabidi uuzoee.

Fildi haifutwi, wala asiwadanganye mtu. Miwani haitoi joto la bati saa nane mchana, wala harufu ya dagaa, wala haikupi jirani anayekuvuta pembeni kukunong'oneza. Na mtu akishavua miwani asiachwe aende zake. Tuketi naye nusu saa, aeleze alichoona na alichohisi, maana wapo humu ndani waliokulia nyuma ya pazia kama lile. Anayetaka kuvua katikati, avue, hataulizwa sababu.

Tuna miwani miwili hapa mezani. Mlango uko mbele yako, pazia liko kulia, na fomu utapewa. Nani anaanza?