Pumzi ya Mcheza Dansi: Safari ya Kutoka Baleti hadi Tamthilia na Filamu

Walimu wangu, wasanii wenzangu, na ninyi wanafunzi wa sanaa za maonyesho, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie safari ya mtu aliyefundwa dansi tangu utotoni, kisha akaingia katika uigizaji wa jukwaani na wa filamu. Tunapomwona mwigizaji wa aina hiyo, aghalabu husema kwamba anatembea vizuri kwa sababu aliwahi kucheza dansi, na mazungumzo huishia hapo. Mimi nashikilia kwamba uzuri wa mwendo ndio mchango mdogo kabisa anaokuja nao, na mara nyingine ndio unaomkwamisha. Mchango wake mkubwa ni nidhamu ambayo mtazamaji haioni, na mtihani wake mkubwa ni pumzi, ambayo hana budi kuijenga upya. Nitalieleza jambo hili kwa kumfuata Audrey Hepburn, mwigizaji mashuhuri wa filamu wa karne iliyopita, kwa kuwa hatua zake zinajulikana vyema na kazi zake bado tunaweza kuzitazama.

Hepburn alizaliwa Brussels mwaka 1929, na akasomea baleti, ile dansi ya jukwaani ya Kizungu, mjini Arnhem, Uholanzi, katika miaka ambayo nchi hiyo ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, iliyoua maelfu ya Waholanzi, ilimkuta akiwa binti anayekua. Mwaka 1948 alikwenda London kusoma kwa Marie Rambert, mmoja wa walimu wakubwa wa baleti nchini Uingereza, na huko akaelezwa bila kufichwa kwamba hatafika kuwa mcheza baleti wa safu ya kwanza. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.70, na akisimama juu ya ncha za vidole aliwapita wanaume wengi ambao wangemshika na kumnyanyua. Tena mwili uliokosa chakula wakati wa vita haukuwa na nguvu iliyohitajika. Alihitaji fedha, basi akajiunga na safu ya wachezaji katika maonyesho ya muziki na dansi ya London, akapewa na vijisehemu katika filamu.

Miaka hiyo ya safu ya nyuma haitajwi sana, lakini naiona kuwa daraja lenyewe. Anayecheza katika safu hujifunza kumsikia jirani yake bila kumgeukia, kulinda nafasi yake, na kurudia jambo lile lile kila usiku kama vile halijapata kutendwa. Hiyo tayari ni nusu ya kazi ya mwigizaji. Nusu ya pili ni maneno, na kwa maneno Hepburn hakuwa na msingi wowote, hata akaanza kuchukua masomo ya matamshi kwa mwigizaji mkongwe, Felix Aylmer.

Mwaka 1951 mwandishi wa Ufaransa, Colette, alimwona Monte Carlo, ambako binti huyo alikuwa akipiga filamu, akaamua kwamba ndiye atakayefaa kuwa mhusika mkuu wa Gigi, tamthilia iliyotokana na hadithi yake Colette, huko New York. Tamthilia ilifunguliwa Novemba mwaka huo huo. Katika mazoezi ilidhihirika kwamba sauti yake haifiki viti vya nyuma. Cathleen Nesbitt, mwigizaji mwenye uzoefu wa miaka mingi aliyecheza nafasi ya shangazi katika tamthilia hiyo, ndiye aliyemfundisha kuitoa sauti.

Kwa nini mtu mwenye mwili uliofundishwa kiasi hicho akose sauti? Jibu limo ndani ya mafunzo yenyewe. Mcheza baleti hufundishwa kukaza misuli ya tumbo, kuinua mbavu na kurefusha shingo, na juu ya yote hufundishwa kuficha uchovu, ili mtazamaji aone wepesi na asisikie mtu akihema. Sasa angalieni namna sauti inavyotengenezwa. Tunapovuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka, na tumbo lazima lilegee ili kupisha. Tumbo likiwa limekazwa kama ukuta, pumzi hukimbilia juu kifuani, mabega hupanda, koo hubana, na sauti inayotoka huwa nyembamba na fupi, haimalizi sentensi. Nawaomba mjaribu hapo hapo mlipokaa: kazeni tumbo kwa nguvu, kisha mseme sentensi moja ndefu kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mlangoni. Mmesikia wenyewe maneno ya mwisho yalivyomezwa. Kwa hiyo mcheza dansi anayeingia jukwaani hujifunza sauti na papo hapo huukataza mwili wake tabia ambayo umeishi nayo kwa miaka mingi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya mtu anayeanza bila mafunzo yoyote, na inasikitisha kwamba walimu wengi huipuuza.

Kamera ina sharti lake. Septemba 1951, kabla ya kuvuka bahari kwenda New York, Hepburn alifanyiwa jaribio la kamera katika studio za Pinewood kwa ajili ya filamu ya Roman Holiday. Aliigiza sehemu aliyopewa, kisha kamera ikaachwa iendelee kunasa huku yeye akidhani kazi imekwisha. Akaketi kitandani, akalegea, akacheka. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyomvutia mwongozaji, William Wyler. Mcheza dansi amezoea kioo cha chumba cha mazoezi, na kioo humfundisha kujitazama na kutengeneza umbo. Kamera iliyo karibu na uso humkamata mara moja anayetengeneza umbo. Mwaka 1954 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, na katika siku hizo hizo akapata tuzo ya Tony kwa uigizaji wake wa jukwaani katika tamthilia nyingine, jambo lililoonyesha kwamba suala la sauti sasa alilimudu.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo katika The Nun's Story ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, ambayo sehemu yake ilipigwa Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Hepburn anaigiza mtawa muuguzi. Joho limemfunika mwili wote, zimebaki sura na viganja tu. Hachezi hata hatua moja ya dansi, na bado sijaona kazi yake nyingine ambamo mafunzo ya dansi yanafanya kazi kubwa namna hii: kutembea kando ya ukuta bila kishindo, kuzuia mkono unaotaka kusogea, kusujudu na kuinuka kwa kipimo kile kile kila mara kamera inapoanza upya. Zinnemann aliitambua nguvu hiyo, kwani katika maonyesho ya ibada aliwaweka wachezaji baleti wa Opera ya Roma wavae kitawa, kwa sababu alihitaji watu wanaoweza kuinama na kulala kifudifudi kwa pamoja, kwa usahihi, mara nyingi.

Wako wengine ambao mwili uliwafungia mlango wa dansi. Mwigizaji Michelle Yeoh wa Malaysia alisomea baleti Uingereza hadi alipoumia uti wa mgongo, na baadaye, katika filamu za mapigano za Hong Kong, alijifunza mapigo kama mtu anayejifunza hatua za dansi. Mwigizaji mwingine, Charlize Theron wa Afrika Kusini, aliachishwa baleti na jeraha la goti. Hata hivyo sikubali tuuite uigizaji kimbilio la waliovunjika, kwa maana ni ufundi kamili unaodai miaka yake wenyewe.

Kwetu hali ina sura tofauti, na tofauti hiyo ina faida. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na tangu 2007 kikaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kinafundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja. Mchezaji wa ngoma zetu huimba huku akicheza, kwa hiyo hajafundishwa kuificha pumzi, anaitumia. Kikwazo chake kiko upande wa kamera, kwa kuwa amezoea uwanja mpana na umati unaomjibu, na hapo mtazamaji wake yuko hatua moja kutoka usoni, kimya, wala hampigii vigelegele.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu zoezi hili. Mara ngoma inapokoma, wanafunzi wakiwa bado wanahema, kila mmoja amwendee mwenzake, amwambie sentensi moja ya tamthilia akiwa hatua moja mbele yake, bila kuuficha mhemo na bila kupaza sauti. Mtu wa tatu arekodi kwa simu, kisha wote watatu wakae waitazame. Watazame mabega kwanza, kama yamepanda. Halafu wafunge macho, wairudie rekodi, na wasikilize maneno mawili ya mwisho ya sentensi.