Daftari la Walowezi: Siasa za Vyama Rhodesia ya Kusini

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojaa mpaka huko mlangoni, asanteni kwa kufika.

Mada niliyopewa ni Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Nimeikubali, ila Smith mwenyewe nitamfikia baadaye kidogo, kwa sababu ukianza naye utadhani nchi ile iliharibiwa na mtu mmoja mkaidi. Rhodesia ya Kusini ilikuwa na bunge. Ilikuwa na vyama vilivyoshindana kwelikweli, mikutano ya kampeni, mahakama, magazeti yaliyomshambulia waziri mkuu asubuhi na jioni. Waziri mkuu aliweza kuangushwa kwa kura, na waliangushwa kadhaa. Sasa tazameni ni nani walioangushwa na kwa kosa gani. Mimi nimeisoma historia hii miaka mingi, na jibu linanitia uchungu mpaka leo: kosa lilikuwa kumsogelea Mwafrika, hata kwa hatua moja tu.

Tuanze na daftari la wapiga kura. Oktoba 1922 walowezi waliulizwa kama wanataka kuunganishwa na Afrika Kusini au kujitawala wenyewe chini ya taji la Uingereza. Kura 8,774 zilitaka kujitawala, 5,989 zilitaka muungano. Hesabuni wenyewe: watu wasiofika elfu kumi na tano waliamua hatima ya nchi nzima. Sheria ya uchaguzi haikutaja rangi ya mtu popote. Ilitaka kipato, au mali, na uwezo wa kusoma na kuandika. Kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 100 kwa mwaka. Baada ya vita vya pili vya dunia Waafrika wachache, walimu na makarani, wakaanza kukikaribia kiwango hicho. Mwaka 1951 kikapandishwa hadi pauni 240. Hakuna aliyehitaji kuandika neno "Mwafrika" katika sheria hiyo. Na ardhi ilikwisha kugawanywa tangu 1930, karibu nusu ya nchi ikawa ya Wazungu, kwa hiyo njia ya kupata mali nayo ilikuwa imefungwa.

Mwanasiasa katika nchi ya namna hiyo anamwogopa nani? Mwafrika hawezi kumnyima kura, kwa kuwa hana kura. Anayeweza kumng'oa ni mlowezi mwenzake atakayesimama jukwaani na kusema, "Huyu anatuuza." Hofu yote ilitoka upande mmoja, na siasa zote zikasukumwa kuelekea upande huo.

Garfield Todd alilijua hilo kwa gharama yake. Alikuwa mmisionari kutoka New Zealand, akaendesha shule ya Dadaya, akawa waziri mkuu 1953. Msidhani alikuwa mwanamapinduzi. Mwaka 1954 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wankie walipogoma, alipeleka askari. Lakini alitaka Waafrika waliosoma wengi zaidi waingie kwenye daftari. Januari 1958 mawaziri wake wakajiuzulu, Februari mkutano mkuu wa chama ukampokonya uongozi, na Juni, alipogombea na chama chake mwenyewe, hakupata hata kiti kimoja.

Aliyemrithi, Edgar Whitehead, alijaribu kucheza pande zote mbili. Ili walowezi wamwamini akapiga marufuku ANC, chama cha wazalendo wa Kiafrika wa hukohuko Rhodesia, Februari 1959 na kuwatia mamia kizuizini. Mwaka uliofuata akapitisha Sheria ya Kulinda Utulivu na Amani, sheria kali kiasi kwamba Robert Tredgold, Jaji Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, Mzungu mzaliwa wa hukohuko, alijiuzulu kwa kuipinga. Chama kingine cha wazalendo, NDP, kikaanzishwa 1960, kikapigwa marufuku Desemba 1961. Siku chache baadaye ikazaliwa ZAPU kushika nafasi yake, nayo ikafungwa Septemba 1962. Baada ya yote hayo Whitehead akaahidi kuifuta sheria ya ardhi ya 1930. Walowezi wakasahau ukali wake wote, wakakumbuka ahadi hiyo peke yake.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu panatuhusu. Katiba ya 1961 iliweka madaftari mawili: la A lenye viti 50, ambalo karibu lote lilikuwa la Wazungu, na la B lenye viti 15, kwa wenye kipato na elimu ya chini zaidi. Joshua Nkomo, kiongozi wa NDP, aliikubali kwanza mezani, kisha wenzake wakaikataa, naye akaikataa pamoja nao. Uchaguzi wa Desemba 1962 wazalendo wakaususia. Chama kipya cha walowezi wenye msimamo mkali, Rhodesian Front, kikapata viti 35, cha Whitehead 29. Katiba hiyo iliziruhusu kura za daftari moja zihesabiwe kwa sehemu katika viti vya daftari jingine, kwa hiyo wako wanaosema Waafrika wa daftari la B wangejitokeza, Whitehead angeokoka.

Wazee wetu wanakumbuka kura tatu za Tanganyika. Mwaka huohuo wa 1958 alioangushwa Todd, TANU ilikutana Tabora ikabishana usiku na mchana kuhusu uchaguzi uliomlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya kipato na elimu. Mwalimu akawashawishi waingie, wakaingia, wakashinda. Je, wenzetu wa Salisbury, mji mkuu ambao leo ni Harare, walikosea? Mimi siwalaumu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na gavana aliyetumwa kutoka London ndiye aliyekuwa na askari. Kule Salisbury askari, polisi na hazina vilikuwa mikononi mwa walowezi wenyewe, Wazungu kama 220,000 katikati ya Waafrika zaidi ya milioni tatu na nusu. Kuingia katika daftari la B kungekuwa kutia sahihi chini ya hesabu hiyo.

Rhodesian Front nayo ikamla mtu wake. Winston Field, kiongozi wake wa kwanza, alisita kutangaza uhuru bila idhini ya Uingereza, akaondolewa Aprili 1964 na chama chake mwenyewe. Hapo ndipo anapoingia Smith kama waziri mkuu. Agosti mwaka huo ZANU, chama kilichojitenga na ZAPU, na PCC, baraza lililoshika nafasi ya ZAPU, zote zikapigwa marufuku. Mei 1965 chama chake kikachukua viti vyote 50 vya daftari la A. Novemba 11 akatangaza uhuru wa walowezi.

Bunge lilipokutana baada ya hapo, Ahrn Palley, mbunge huru wa Highfield, daktari na mwanasheria, Mzungu aliyechaguliwa kwa daftari la B, alisimama kusema kwamba kikao hicho si halali. Alitolewa nje. Naomba jina lake mliandike.

Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba 15, 1965, kwa sababu London haikuchukua hatua za kutosha, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukatuponyoka. Baadaye vijana wa ZANU walifanya mazoezi Mgagao, Iringa. Vita yenyewe ya ukombozi mnaifahamu. Ninachotaka mkione ni kwamba hata vita ilipopamba moto, siasa za daftari hazikubadilika: viti vyote 50 vya Wazungu vilikwenda kwa Rhodesian Front 1970, tena 1974, tena 1977. Mwaka 1977 wabunge 12 walijitenga na Smith kwa kuwa alilegeza kidogo sheria ya ardhi. Wapiga kura wakawafuta wote, maana kufikia hapo Smith mwenyewe ndiye alikuwa chama.

Mkataba wa Lancaster House wa 1979, uliomaliza vita, uliwaachia Wazungu viti 20 kati ya 100. Mugabe aliwapa mkono wa maridhiano 1980. Juni 1985, Wazungu walipopiga kura yao kando na Waafrika, wakampa Smith viti 15 kati ya hivyo 20. Viti hivyo vilifutwa 1987.

Lakini si yote yaliyofutwa. Hali ya hatari iliyotangazwa na Smith Novemba 1965 iliendelezwa na serikali ya wazalendo mpaka 1990, na ilikuwapo wakati watu wa Matabeleland, magharibi mwa nchi, wanauawa miaka ya 1980. Sheria ile ya 1960, iliyomwondoa Tredgold kitini, ilitumika katika Zimbabwe huru hadi 2002, na iliyochukua nafasi yake ikawaachia polisi uwezo wa kuzuia mikutano ya vyama vya upinzani.

Nakaribisha maswali.