Mkataba tuliingia 2001, kipande bado ni cha Jumanne

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wote. Nimepewa dakika ishirini, wanaonijua naona washaanza kucheka. Mkataba wenyewe siusomi, karatasi mnazo, ule wa Umoja wa Mataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi, wa 1965. Kenya tuliingia Septemba 2001. Huo mwaka ushikeni.

Manake mpwa wangu kazaliwa mwaka huohuo, hapa hapa Kibra, Nairobi. Mama yake kazaliwa hapa, bibi yake kazaliwa hapa, na babu zake ndio wale askari Wanubi Mwingereza aliwatoa Sudan wakampigania vita vyake kwenye KAR, jeshi lake la kikoloni huku Afrika Mashariki, walipomaliza akawaweka kwenye huu msitu, si ndio maana ya Kibra, msitu. Sasa kijana anafika 18 mwaka 2019, anaenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Mwenzake wa darasa moja, kabila sitaji, kaingia na cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mzazi, kapakwa wino, katoka, hata chapati aliyoacha kibandani haijapoa. Mpwa wangu jina likasomwa, karani akainua macho. "Wewe ni wa vetingi. Njoo Jumanne." Vetingi ndiyo kuhojiwa na wazee kama kweli wewe ni Mkenya.

Jumanne nikaenda naye mwenyewe. Benchi la mbao, watu wote wa benchi hilo majina yao ni Juma, Halima, Abdi, hebu niambieni kama hiyo ni bahati tu. Ndani wazee watano na chupa ya chai. Kijana ana faili nene kuliko ya kesi ya shamba: cheti chake, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, kiapo cha wakili ambacho tumelipia. Mzee mmoja, miwani imefungwa uzi, anamuuliza, "Babu yenu alikuja Kenya lini?" Kijana akajibu, "Alipokuja ilikuwa haijaitwa Kenya." Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ni kweli lakini, jina la Koloni la Kenya ni la 1920! Basi akaambiwa alete kitambulisho cha bibi. Bibi tumemzika 1994. Kipande alikipata 2021, na miaka hiyo miwili laini ya simu ni ya mamake, M-Pesa ya mamake, kazi ya kiwandani ikaenda kwa mwingine.

Na mnajua kwa nini tunakiita kipande? Vijana hawajui. Baada ya vita vya kwanza Mwingereza alimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba cheti chenye alama za vidole ndani ya kijikopo cha chuma, kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Hicho ndicho kipande. Wazee wetu walikilaani, walikichoma, na leo mjukuu wao anakililia Jumanne hadi Jumanne. Nimelisema hili mara ngapi? Nitalisema tena, bado benchi liko pale.

Sasa kuna mtu hapo nyuma anajiambia, huyu mzee anachanganya, ubaguzi wa rangi ni mzungu na mweusi, hapa sote weusi. Rudi kwenye karatasi yako, kifungu cha 1. Kinataja rangi, ndio, lakini pia nasaba, na asili ya kitaifa au kikabila. Mwingine atasema mkataba unaruhusu nchi kutofautisha raia na mgeni. Unaruhusu! Lakini huyu kijana nani kathibitisha ni mgeni? Wamemtofautisha kwa jina kwanza, uraia ndio baadaye, na kifungu cha 5 kinataja haki ya uraia bila ubaguzi. Na usalama? Haya, usalama. Mtu mwenye nia mbaya na pesa mfukoni wale wazee watano hawamsumbui, atamaliza kabla chai haijamiminwa. Anayekwama ni yule hana kitu kidogo cha kutoa.

Tena hiyo vetingi mkitafuta sheria iliyoitamka hivyo waziwazi mtatafuta sana. Iko nafasi afisa kudai ushahidi zaidi, basi, hapo hapo ndipo wamejenga nyumba nzima.

Serikali inasemaje Geneva, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huu? Ripoti ya kwanza ya nchi ilitakiwa ndani ya mwaka mmoja. Kamati ilikuja kutujadili Agosti 2011, mpwa wangu yuko shule ya msingi anakaribia miaka kumi. Halafu 2017 tena. Mwezi Machi 2011 huohuo kamati ya Afrika ya haki za watoto ilishaamua kwamba watoto wa Kinubi wanabaguliwa, na Katiba ya 2010 kifungu cha 2(6) inasema mkataba tulioridhia ni sehemu ya sheria zetu. Yote iko, kwa maandishi mazuri kabisa.

Naona mwenyekiti anaonyesha saa. Haraka basi: Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 ndio wakatambuliwa, Wapemba 2023, mambo ya kupongezwa, lakini kutambuliwa kabila kwa kabila ni kama mgao wa unga. Wasomali wa kaskazini, raia waliokwama kwa sababu alama zao za vidole ziko kwenye daftari la wakimbizi, hilo lina siku yake. Kifungu cha 14, cha mtu binafsi kulalamika kwa kamati, Kenya haijakubali, na hilo pia nimelipigia kelele, naliruka. Ardhi naiacha.

Lakini Februari 2025 Rais alitia saini tamko kule Wajir kwamba vetingi imefutwa. Nilipiga makofi, sikatai. Tamko si sheria ya bunge lakini, na benchi halisomi magazeti. Kwa hiyo mwenye karatasi ya kuitwa Jumanne baada ya hiyo Februari asiitupe, aniletee hapa mbele kabla hajaenda kula. Sitaki hadithi ndefu, ndefu ninazo mimi. Nataka tarehe na muhuri uonekane.